Githeri Yenye Dadu

Dadu ya mpwa wangu ina pande ishirini, ni nyeupe, na tarakimu zake zilipakwa rangi ya dhahabu. Ilimpotea akichambua maharagwe, na hakuna aliyeikumbuka mpaka Baba alipoiuma mezani.

Tulisikia mlio kama wa ukuni unaopasuka. Baba akatema kiganjani vipande viwili vya meno yake ya bandia, punje za mahindi na kile kijiwe kilichotokota tangu adhuhuri. Mama akabeba sufuria nzima ya githeri, ambayo ingetulisha siku kadhaa, akaenda kuimwaga kwa kuhofia sumu ya plastiki. Tukalala kwa chai na mkate, na baridi ya Agosti huku Mathira haimhurumii mwenye njaa.

Mtoto alilia, kwanza kwa ajili ya meno ya Guka, babu yake, kisha kwa ajili ya kuhani wake. Anacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Hauhitaji skrini: watu huketi mezani, mmoja anasimulia ulimwengu, wengine wanaishi ndani yake, dadu inaamua upanga umempata adui au umekosa. Mhusika wake ni kuhani wa Hanali Celanil, mungu wa kike wa mapenzi kwa Waelvi, watu wa kubuni wanaoishi karne nyingi. Alama ya Hanali ni moyo wa dhahabu, na katika chemchemi yake, Evergold, yeye huoga na kuwatazama waja wake.

“Na Ngai, Mungu anayekaa Mlima Kirinyaga, anamjua huyo?” Mama akauliza. Ni mama wa kanisa, lakini hadithi ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, hajaiacha. Akasimulia jinsi Gikuyu alivyomwomba Ngai wachumba wa binti zake tisa, akawakuta vijana tisa chini ya mti, kule Mukurwe wa Nyagathanga.

“Cucu, wasichana waliulizwa kama wanawapenda?” mtoto akamuuliza bibi yake.

“Vijana ndio waliohamia kwao. Na koo zikachukua majina ya wasichana. Anjiru ni wa Wanjiru, Ambui ni wa Wambui.”

Mtoto akayaandika yote katika daftari la mchezo.

Fundi wa meno mjini Karatina alitaka muda, na huo ndio uliokuwa wakati mzito. Baba hakuweza kutafuna. Kila jioni Mama alimtengenezea mukimo wake peke yake: viazi, mahindi na majani ya malenge, akiuponda kwa mwiko hadi mkono ukaanza kutetemeka, kisha akiinamia sahani karibu na taa na kuondoa kila ganda la punje kwa ncha ya kijiko. Baba alikula kimya. Katika nyumba yetu sijawahi kusikia mtu akimwambia mwenzake anampenda, na nilipokuwa msichana nilidhani ni kwa sababu hakuna mapenzi. Sidhani hivyo tena. Mwanamke yule alikuwa na homa wiki hiyo, na hakumwachia mtu mwingine ule mwiko.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kando ya jiko akimtazama. “Cucu, unampenda Guka?”

“Lete chumvi,” Mama akasema.

Baba, mdomo mtupu, akacheka hadi machozi. Halafu akauliza kama huyo Hanali ameolewa. Mtoto akamwambia hajatulia na mmoja. Baba akatafakari, akasema naye anataka kucheza.

Akapewa mhusika mkulima wa kahawa mwenye shoka. Dadu ilikuwa imechujuka rangi yote, tarakimu zimebaki michoro tu ya kupapasa kwa ukucha. Baba akaitupa, ikaviringika hadi kwa Mama. Mama akapitisha kidole juu yake, akasema ni ishirini. Mtoto alitaka kuhakikisha, lakini Cucu alikuwa ameshaitia mfukoni mwa aproni, akaamuru joka life upesi kwa sababu chakula kinapoa.