Kiko cha Mkono Wangu

"Nimekichonga mwenyewe," asema bwana, akikipitisha kiko mezani kama kichanga cha arobaini. Hongera. Kinundu cha mzizi wa erika kilichemshwa na kukaushwa miezi kadhaa kabla hakijamfikia. Tundu la tumbaku na njia ya moshi vilishatobolewa kwa mashine, na hapo ndipo fundi hupimwa: njia isipotokea chini kabisa ya tundu, mvutaji hugugumia maji machungu. Mdomo wa kunyonyea nao ulikuja tayari. Kwake zikabaki tupa, kisu na msasa. Kusugua amesugua, hatumnyimi. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, unaotengeneza viko vya mti huo tangu karne ya 19, haujatikisika. Kuvuta je? Havuti, moshi humkohoza.