Bampa Liliondoka, Gari Likabaki

Jumamosi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, bampa la gari langu lilichomoka kwenye tope la Usangu likaanza safari ya kuelekea kwenye mgunga. Gari halikufuatana nalo. Lilibaki pale pale lilipokuwa tangu saa mbili, limezama hadi madigadi, na kiti cha mbele amekaa mama mkwe wangu, kapakata mkoba. Alilitazama bampa likijiburuza matopeni, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu yote anayodaiwa mtu na mkwewe:

"Baba Neema, kile kinachokwenda, ni chetu?"

"Ndiyo, mama. Ni chetu."

Nitangulize kusema kwamba winchi yenyewe, ile mashine ya kujivutia iliyofungwa kwenye bampa, haina kosa. Jambo hili nalisema hata kwa watu wasioniuliza. Ndani ya chuma kile chenye ukubwa wa mbuzi mchanga mna mota ya ukoo mmoja na stata ya gari: ina mbio nyingi, nguvu haba. Sasa zije gia. Katikati inakaa gia moja, mafundi wanaiita jua. Kandokando yake zinazunguka gia tatu, hizo ni sayari, na zote zimezungushiwa pete yenye meno kwa ndani. Jua likikimbia mizunguko kadhaa, sayari kwa pamoja zinajikongoja mzunguko mmoja. Mzunguko huo wa kichovu ndio unaogeuka kuwa jua la seti ya pili, na ya pili inakuwa jua la seti ya tatu. Kwenye winchi yangu mota inazunguka mara 265 ili dramu ya waya izunguke mara moja tu. Mbio zote zimebadilishwa kuwa nguvu, na hakuna kilichofanyika ila meno kuuma meno! Usiku mzima nilikuwa nautazama mchoro wa gia hizo kwenye simu chini ya shuka. Mke wangu alidhani naangalia mambo mengine, na alipogundua ukweli nadhani alisikitika zaidi.

Nilichagua ya pauni 12,000, yaani kilo 5,443. Muuzaji aliipiga stika kofi la upendo, akasema, "Bosi, hii inang'oa mbuyu." Stika haikusema uongo. Ilinyamazia tu mambo mawili. La kwanza, kilo hizo ni za mzunguko wa kwanza wa waya, ule unaogusa dramu yenyewe. Waya ukijikunja juu ya waya, dramu inanenepa, na kadiri inavyonenepa ndivyo nguvu inavyopungua. Ukifika tabaka la nne umepoteza kama theluthi. Maana yake, mti ukiwa karibu, waya mwingi unabaki umeviringwa na winchi inavuta kwa unyonge. Mti wa mbali ndio rafiki. Mgunga wangu ulikuwa hatua nane, nami niliushukuru kwa ukaribu wake.

La pili, uzito wa gari si uzito wa gari lililonasa. Mafundi wa jeshi wana hesabu yao: tope likifika kwenye magurudumu, unavuta uzito wa gari zima, likifika madigadi, uzito mara mbili, likifika kabini, mara tatu. Gari langu, pamoja na magunia sita ya mchele ya mama mkwe, lilikuwa tani tatu. Kwa hiyo nilihitaji tani sita, na mkononi nilikuwa na tatu na nusu. Dawa yake ni kapi. Unapitisha waya kwenye kapi lililofungwa mtini, unaurudisha hadi kwenye gari, nguvu inakuwa maradufu na mwendo nusu. Kapi ninalo. Siku hiyo lilikuwa nyumbani, limezuia mlango wa stoo usijifunge.

Tuje kwa fundi wa bampa. Winchi inatakiwa kukaa kwenye kitako cha chuma kilichofungwa kwa bolti nene moja kwa moja kwenye chasisi. Nilimweleza, nikamwonyesha na picha. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, bolti zinalegea. Weldingi hailegei." Kisha akalichomelea bampa langu jipya, zito kama kitanda cha hospitali, kwenye vishikizo vya bampa la zamani, vile ambavyo kiwandani vilikusudiwa kubeba plastiki na kibao cha namba. Akalipaka rangi nyeusi. Likapendeza. Majirani walikuja kulishika. Alipendekeza pia tuweke swichi kuu ya kukata umeme, elfu sitini, nikamwambia tusubiri mwisho wa mwezi.

Basi Jumamosi. Tulikuwa tunampeleka mama mkwe Mbeya kwenye harusi ya mpwa wake, na kabla ya kufika barabara kuu ya Zambia tukazama. Nilifurahi. Nakiri hapa kwamba nilifurahi. Miezi saba nilikuwa nasubiri kuzama mbele ya mashahidi. Nikafunga mkanda kwenye mgunga ili waya usichune gome, nikavaa glavu, nikafungua boneti iwe ngao, na kama wataalamu wanavyoelekeza, nikatafuta nguo nzito ya kuutandikia waya ili ukikatika usiruke na kumkata mtu. Nilivuta kitambaa cha kwanza nilichokiona kiti cha nyuma. Kilikuwa kitenge cha sare ya harusi, hakijashonwa wala kuvaliwa.

Nikabonyeza rimoti. Waya ukakaza, gari likaguna, taa zikafifia. Hapo mtu mwenye akili angepumzika. Winchi ikielemewa inakula ampea kama 400, na alteneta yangu inaleta 80. Deni lote linaangukia betri. Betri ikichoka, swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota inaanza kutetemeka, inagusa na kuachia, inagusa na kuachia, kila mguso cheche, mpaka ncha zake zinayeyuka na kushikana. Nikasikia mlio kama wa chuma kinachojinyoosha. Nikaachia kitufe. Winchi haikuachia.

Weldingi ya fundi, kwa kweli, haikulegea. Iling'oka. Bampa liliruka, likageuka kifudifudi na kuanza kutambaa kuelekea mtini na kitenge mgongoni, huku nyaya mbili nene zikilishikilia kutoka kwenye betri kama mbuzi wa kafara anayevuta kamba. Nilibonyeza vitufe vyote. Nilibonyeza hadi glavu. Lilikwenda hatua mbili na nusu, nyaya zikachomoka kwenye betri kwa cheche moja kubwa, kukawa kimya. Lile swali la mama mkwe lilikuja bampa likiwa bado njiani.

Kando ya njia walikuwa wamesimama vijana kumi na wanne wenye makoleo. Kumbe walikuwepo tangu saa mbili. "Tulikuwa tunasubiri bosi amalize," mmoja akasema. Wakachimba mfereji mbele ya magurudumu maji yatoke, maana udongo mweusi wa mbuga haukushiki kwa uzito tu, unakunyonya. Ukiingiza hewa chini unakuachia. Wakamwaga magunia manne ya pumba za mpunga. Wakasukuma. Dakika ishirini na tano, shilingi elfu sitini. Bei ya ile swichi.

Mahali pale magari hunasa kila masika, na kila mtu anajua dawa yake ni kalavati moja. Kigingi chake chenye rangi nyekundu kilipigwa zamani, mchwa wamekwisha kukila, na kila mwaka wa uchaguzi kinapigwa kingine. Mimi nina pesa za kununua mashine ya kunivuta, na tazama nilivyofanywa. Mjamzito anayepitishwa pale usiku kwenye bodaboda hana winchi, hana hata boneti ya kujificha nyuma yake. Hilo halinichekeshi, na sitalitafutia utani.

Tulifika harusini. Kitenge kilishonwa hivyo hivyo, mstari wa grisi ukapita begani.

Jumatatu mkanda wangu wa kuvutia uliibwa. Jumanne betri ilikufa.

Bampa na winchi vilipanda pawatila hadi nyumbani kwa mama mkwe, na hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu winchi iliyolala topeni haitakiwi kukaa hata wiki. Ifunguliwe, maji yamwagwe kutoka kwenye mota, ikaushwe kabla vyuma vyake havijashika kutu, gia zipakwe grisi mpya, waya ukunjuliwe wote na kuviringwa upya ukiwa umekazwa, la sivyo tabaka la juu linazama kati ya yale ya chini. Jana nilipiga simu kusema nalifuata bampa Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?" Akauliza hali ya Neema, akauliza hali ya gari. Kisha akasema nisihangaike kuja upesi. Kuku ameingia nyuma ya zile rola za kupitishia waya, ametaga mayai manne na bado anaendelea, na mama hapendi kuku wake asumbuliwe.

Nimehesabu. Akimaliza kutaga, kuatamia ni siku 21.