Muulize Shangazi: "To" Imenikaba Koo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwalimu kanikata alama kwa kuandika "I saw him to fall". Nikiifuta "to", niweke "fall" au "falling"? Mtihani uko mlangoni.
Mwenye Dhiki, Nguvumali

JIBU: Marahaba mwanangu. Umebisha hodi penyewe. Kiingereza changu si cha kuokoteza. Enzi za ujana wangu nikitamka "good morning" hapa Nguvumali, majirani walizima redio wapate faida. Wagiriki wenye mashamba ya mkonge waliniletea barua zao nizinyooshe, nami nikazinyoosha hadi wenyewe wakashindwa kuzisoma.

Na kwa kuwa umeniuliza habari za mkonge: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mwaka 1893 ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Aliyeitazama ile mingine njiani mpaka ikakata roho ataandika "I saw them die", maana kashuhudia jambo zima, mwanzo hadi tamati. Aliyepita shambani akaikuta hii 62 ikichipua, kisha akaenda zake, ataandika "I saw them growing". Kaikuta katikati ya shughuli, mwisho hakuungoja.

Sasa huyo wako, alifika chini? "Fall". Bado yu hewani? "Falling", na utupe kalamu ukamdake!

Dawa ni hii. Alfajiri kaa kando ya barabara na kahawa yako na kashata, umvizie mwendesha baiskeli mwenye tenga la ndizi. Ukimtazama hadi ng'ambo, sema "cross". Ukipitiwa na usingizi yuko katikati, "crossing". Jioni iandike hiyo "to" kwenye karatasi, uifunge kwa uzi wa katani, uizike chini ya mnazi. Chini ya mpapai usithubutu, itaota.

Ila uweke alama pale ulipoizika. "Let" haitaki hata kuiona. "Make" nayo huikataa, "he made me laugh", lakini mtu akishatendwa huja kuidai: "I was made to laugh". "Help" haina makuu, uiweke usiiweke, sawa tu. Nilitaka nikusimulie nilivyomsahihisha balozi mmoja, mhariri kanitolea macho, nafasi imekwisha.

Basi: umeuona mwisho, kitenzi kitupu, hukuuona, "-ing". Ukifaulu niletee pweza. Ukifeli, sikujui.