Muulize Somo: Sanduku la Bure, Jina la Kulipia

Barua nyingi zilizomfikia Somo msimu huu hazihusu waume. Zinahusu anwani. Zimetoka Mtwapa hadi Mambrui, na karibu zote zina dukuduku moja: mtu ana biashara yake, amechoka kuandika gmail nyuma ya jina la duka, kasikia kuna huduma ya barua pepe ya bure inayokubali domeni yako mwenyewe, na sasa anataka kujua kama baadaye atalia. Somo, ambaye kazi yake ya asili ni kufunda maharusi, alitaka kuzirudisha. Akaona hapana, wenyewe wameshikwa.

Wa kwanza kujibiwa ni mama mmoja wa Watamu aliyejiita Mwenye Vyumba Vitano. Wageni wake ni Wataliano. Mwaka huu mmoja wao amemwandikia kwa adabu kwamba mkewe hataki kutuma arabuni kwa anwani yenye neno “karibu” na namba nne nyuma yake. Mama anauliza: je, huyo mke ana kiburi?

Hana. Anwani ya Gmail hufunguliwa na yeyote, kwa jina lolote ambalo halijachukuliwa, na matapeli wanaokodisha nyumba zisizokuwepo wanalijua hilo kuliko wenye nyumba. Mke wa mgeni anatafuta dalili yoyote kwamba huku upande wa pili kuna mlango wa kweli. Anwani iliyokaa kwenye domeni ya nyumba yenyewe si hati ya kiwanja, lakini angalau inaonyesha kwamba mtu amelipa kitu kwa jina lake.

Hapo ndipo Somo alipomwomba mama atenganishe mambo mawili ambayo vijana wa kompyuta humchanganyia: jina na sanduku. Waliokua kabla ya simu za mkononi wanakumbuka vijiji vizima vilivyopokea barua kupitia S.L.P. ya shule ya msingi. Mwalimu mkuu akihamishwa, au akinuna, barua zinalala. Aliyekodi sanduku lake Posta ya Malindi, 80200, alikuwa na ufunguo wake na hakumbembeleza mtu. Gmail ni sanduku la shule. Domeni ni namba yako mwenyewe, tena ina fadhila ambayo Posta haikuwa nayo: ukilichoka jengo moja, unaihamisha namba hiyohiyo jengo jingine na walimwengu hawajui.

Jina hilo halitolewi bure. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya taasisi ya KENIC, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa; la .co.ke, la wafanyabiashara, kwa wasajili wengi hucheza karibu na shilingi elfu moja kwa mwaka. Vyama na vikundi vina .or.ke, shule zina .sc.ke. Sanduku ndilo linaloweza kuwa la bure, na katika huduma zinazotajwa zaidi, Zoho ndiyo iliyobaki na mpango wa bure unaoeleweka. Ni kampuni ya Kihindi, ilianza mwaka 1996 ikiitwa AdventNet, na makao yake makuu ni Chennai. Mpango wake wa bure unakubali domeni moja na watu wasiozidi watano, kila mmoja na gigabaiti 5. Hauwekwi mbele dukani: mtu hushuka chini ya jedwali la bei, akazipita bei zote, ndipo akaukuta kama uliofichwa na mwenye duka.

Kinachokosekana lazima kisemwe waziwazi, kwa sababu ndicho kinacholeta ugomvi wa wiki ya pili. Katika mpango wa bure barua husomwa kwenye kivinjari au kwenye programu ya simu ya kampuni hiyohiyo. Hakuna IMAP, ile njia inayoruhusu programu nyingine kuvuta barua hizo. Yule karani anayependa Outlook kwenye kompyuta ya ofisini ataona kimya, na ataapa kwamba huduma ni mbovu. Si mbovu. Huo ndio mpaka baina ya bure na kulipa.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Mama atafungua akaunti, ataandika jina la domeni, atapewa mstari wa maandishi wa kubandika kwenye mipangilio ya DNS huko kwa msajili ili kuthibitisha kwamba jina ni lake. Kisha ataweka rekodi za MX, zinazoiambia dunia barua za jina hili zipelekwe wapi, na ataondoa zile za zamani. Hapa wengi hujikwaa: huacha MX ya hostingi ya zamani pamoja na mpya, na barua zinagawanyika, nyingine huku, nyingine kule kusikofunguliwa na mtu. Baada ya hapo ni kusubiri saa kadhaa, pengine siku mbili. Mwambao huu ulirusha satelaiti kutoka kwenye majukwaa ya San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tangu 1967; satelaiti ya Uhuru yenyewe ilipaa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Rekodi tatu za MX zisimtoe mtu jasho.

Barua ya pili ni nzito zaidi. Mwenye boti za kuvua na kutembeza wageni, Malindi, anasema kijana aliyemtengenezea tovuti alimsajilia na jina, akamfungulia na barua pepe, akalipwa, akaenda Doha. Mwaka ukaisha. Tovuti imezimika, anwani imekufa, kijana hapokei simu. “Nimefanya kosa gani?” anauliza.

Somo alimjibu kwamba kosa lake lina heshima, maana nchi nzima iliwahi kuwa hapo alipo. Jina la .ke lilipoanzishwa mwaka 1993, mwangalizi wake alikuwa mtu mmoja, Dkt. Shem Ochuodho, aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, na upande wa kiufundi ulikuwa kwa mhandisi Mmarekani, Randy Bush. Walikuwa waanzilishi na kazi waliifanya. Hata hivyo biashara, serikali na vyuo vilipozidi, ilionekana jina la taifa halifai kukaa mkononi mwa mtu, hata awe mwema, na kati ya 2002 na 2003 likakabidhiwa KENIC, ambamo serikali, watoa huduma na watumiaji wana viti. Kama Kenya ilihitaji taasisi, mwenye boti anahitaji walau jina lake kwenye fomu.

Kwa hiyo aanze kwa kuangalia jina limesajiliwa kwa nani. Likiwa ni lake ila barua pepe ya mawasiliano ni ya kijana, msajili anaweza kurekebisha akipelekewa kitambulisho na cheti cha usajili wa biashara. Likiwa ni la kijana mwenyewe, safari ni ndefu: maelewano kwanza, na yakishindikana KENIC ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina. Risiti ya M-Pesa aliyomlipa kijana aitunze, itasaidia kuliko maneno. Safari nyingine akimwajiri fundi, fundi apewe kazi ya kuweka rekodi, na akaunti ya msajili ifunguliwe na mwenye boti, kwa simu ya mwenye boti, paswodi aiandike kwenye daftari la hesabu. Somo anajua wataalamu wa usalama hawapendi daftari. Wataalamu hao hawajawahi kumtafuta kijana wa Doha.

Barua ya tatu ni ya katibu wa kikundi cha akina mama wa Gede wanaouza asali. Wao walishajiunga na huduma ya bure, anwani inang'aa, lakini barua zao kwa wanunuzi wa Nairobi huangukia kwenye taka. Katibu ameanza kuamini kuna mtu kawaroga.

Aache waganga. Barua pepe ilizaliwa bila kitambulisho. Tangu Ray Tomlinson alipotuma ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971 akatumia alama ya @, mtumaji aliaminiwa kwa kusema tu yeye ni nani. Vitambulisho vimeongezwa baadaye. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua. DMARC ni agizo la nini kifanyike barua isiyo na hivyo viwili ikibisha hodi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na walau SPF au DKIM, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wanatakiwa kuwa na zote tatu. Kikundi cha asali hakifiki huko, lakini mlinzi wa mlango ni yuleyule.

Somo aliomba kuonyeshwa rekodi zao, akakuta SPF mbili: moja ya hostingi ya zamani, moja ya huduma mpya. Domeni inaruhusiwa kuwa na moja tu. Zikiwa mbili, mpokeaji huhesabu kwamba kuna hitilafu, na zote zinakuwa kama hazipo. Waziunganishe ziwe mstari mmoja, au waifute ile isiyotumika. Kisha wawashe DKIM, ambayo huduma hiyo hutoa hata kwa wa bure ila haijiwashi yenyewe. Na katibu apunguze kuandika vichwa vya barua kwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao. Asali ni tamu, haihitaji kupigiwa kelele.

Kamati moja ya madrasa, Mambrui, ina shida ya adabu. Nafasi za bure ni tano na wazee ni kumi na wawili. Mwenyekiti anataka anwani yake, naibu yake, mweka hazina yake, mshauri yake, na mzee mmoja ambaye hajawahi kuwasha simu ya kugusa anataka iwe na neno “Sheikh” mwanzoni.

Wapewe wawili tu: katibu na mweka hazina. Wengine katibu awaandike kwenye orodha, na barua ya kamati ikifika awatumie nakala kwenye Gmail zao. Mzee yule achapishiwe kadi yenye anwani ya kamati na cheo chake juu. Cheo kwenye kadi hakili gigabaiti.

Kijana wa Mtwapa anauliza kama anaweza kusajili jina la hoteli kubwa ya jirani, ambayo imesahau kulichukua, halafu awauzie. Asithubutu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinamtaja yeye hasa: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote.

Mwalimu mstaafu wa Kilifi, mtu wa mashaka, anauliza swali ambalo Somo alikuwa akilisubiri: bure hii itadumu?

Kwa historia, si sana. Google ilianza kuwapa wenye domeni barua pepe ya bure mwaka 2006, na biashara ndogo nyingi zikahamia. Desemba 2012 mlango ukafungwa kwa wapya. Januari 2022 hata wa zamani wakaambiwa wajiandae kulipa. Kelele zikawa nyingi, na miezi michache baadaye wale wanaotumia kwa mambo yao binafsi wakaruhusiwa kubaki. Microsoft nayo ilikuwa na huduma ya namna hiyo, ikaacha kupokea domeni mpya mwaka 2014. Anayeingia Zoho leo aingie akijua amekaribishwa barazani, hajapewa nyumba. Kabla hajahamia aulize swali moja: siku nikiondoka, barua zangu nitazitoaje? Aendelee kuiweka hai Gmail yake ya zamani kwa msimu mzima, maana wateja wana anwani ile kichwani. Akaunti za eCitizen na KRA Somo angeziacha kwenye Gmail kabisa. Jina la kulipia likisahauliwa mwaka mmoja, anwani inakufa, na pamoja nayo njia ya kurudisha paswodi ya kodi.

Barua ya mwisho ilifika kwa mkono, kwa kuwa aliyeandika hana tena barua pepe. Ni muuza vipuri vya tuktuk, Malindi. Alifanya kila kitu sawasawa: jina lake, akaunti yake, rekodi zake. Katika akaunti ya msajili, palipoulizwa barua pepe ya mawasiliano, akaandika kwa fahari ile anwani mpya ya domeni yake. Kumbe malipo yake hayakupita, jina likaisha muda, na vikumbusho vya msajili vilivyofuata vikatumwa kwenye anwani iliyokuwa imezimika pamoja na jina.

Somo alimwambia apige simu kwa msajili siku hiyohiyo, kabla ya sala ya adhuhuri, akiwa na kitambulisho na jina lenyewe lililoisha muda, kwa kuwa wasajili wengi hutoa muda wa kukomboa kabla jina halijaachiliwa kwa mwingine. Akishalikomboa, alipie miaka miwili kwa mpigo. Na pale palipoulizwa barua pepe ya mawasiliano aweke Gmail ya mkewe, ambaye, kwa maelezo ya muuza vipuri mwenyewe, ndiye pekee nyumbani anayefungua barua.