Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mashine za Maegesho

Mheshimiwa Mkuu wa Mashine Zote za Kulipia Maegesho,

Salamu nyingi kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Tumesikia kwamba kwenye fukwe na hifadhi za wenzetu mashine za zamani za kulipia maegesho zinang'olewa, zinasimikwa mpya zenye kioo cha kugusa. Nasi tunaomba za kwetu. Kasoro yetu ni moja tu, ndogo: magari. Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hakufikiki kwa gari; mgeni hupanda boti ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma. Basi mashine itatoza boti? Kama ndivyo, tuanze na madeni sugu. Meli ambayo leo ni MV Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikalala chini ya Ziwa Tanganyika hadi 1924. Miaka minane ya kuegesha bila risiti! Ankara tunaomba iende Berlin.

Kuna pia suala la pa kuisimika mashine. Tanganyika si ziwa la kutulia mahali pamoja. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa jirani. Baadaye ziwa lilishuka, na leo kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu ya mkutano wao hadi ufukweni ni mwendo wa miguu. Kisha katika miaka hii ya 2020 maji yakapanda tena, yakameza fukwe, miti na kuta za watu. Mashine iliyofungwa kwa zege kando ya maji itakuwa na hiari mbili, kuoga au kuachwa nchi kavu. Wavuvi wa Kibirizi wanalijua hilo, ndiyo maana wao huhamisha mitumbwi.

Najua jibu lako, Mheshimiwa, na lina uzito: fedha taslimu huvuja, mashine haina mjomba wala shemeji. Ni kweli, na asiyekubali hajawahi kunyimwa risiti. Lakini uvujaji huo una dawa ambayo tayari tunayo mfukoni. Mwananchi hupewa namba ya malipo, hulipa kwa simu, fedha zinaingia mfuko wa serikali bila kupita mkononi mwa mtu. Mgeni asiye na laini ya hapa anahudumiwa kwa kadi, kwenye mashine ndogo ya mkononi ambayo mhudumu huondoka nayo jioni, na maji yakipanda huondoka nayo mapema zaidi. Mashine ya kusimama ni wazo la Oklahoma City la mwaka 1935, na huko Uingereza baadhi ya halmashauri zimeziondoa baada ya mtandao wa 3G zilizoutegemea kuzimwa. Tukizipokea sasa tutakuwa tumenunua mtumba kwa bei ya dukani.

Utasema tena kwamba bila ada hakuna huduma. Hapo ndipo tunapoachana. Mtu hulipia maegesho kwa sababu amepata kitu: uwanja usiotitia mvua ikinyesha, taa, mlinzi, choo chenye maji, kivuli cha kumngojea abiria wa boti. Mama anayeanika dagaa mchangani naye angependa kujua gari litapita wapi lisikanyage mtaji wake. Mashine haimpi lolote kati ya hayo. Inachoweza ni kumkumbusha mlipaji, kwa taa ya kijani na sauti nyororo, kwamba amelipia tope. Ada ikikusanywa kabla ya huduma, kwa muda mrefu, jina lake hubadilika, na jina hilo jipya sitaliandika kwenye barua ya heshima kama hii.

Kwa hiyo tunaomba fedha za mashine ya kwanza zijenge choo na kupanda miembe, za pili zimwage kokoto na kuweka taa. Za tatu zibaki kwenye akaunti, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani Kibirizi kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipaji, Kigoma