Tisa Kurudi Moja: Jinsi Nyumba za Susuni Zinavyolowana

Susuni iko kwenye vilima vya Tarime, jirani na mpaka wa Kenya, na mvua ya huku haibembelezwi. Vuli inamwaga, masika inamalizia, na katikati yake wingu linaweza kupita kusalimia tu likaacha bonde limejaa. Ndizi zinashukuru, mahindi yanashukuru, kahawa inashukuru. Nyumba ndiyo pekee isiyoshukuru.

Si kwamba watu hawajui kujenga. Wanajenga vizuri sana, kuanzia usawa wa macho kwenda juu. Bati jekundu linaonekana tangu barabarani, dirisha la alumini linameta, na malumalu ya sebuleni unaweza kujitazamia. Teremsha macho mpaka usawa wa goti: rangi imebanduka, plasta inadondoka unga, na nyuma ya kochi ukungu umechora ramani ya Ziwa Victoria, visiwa vyote vikiwemo. Fedha ilianzia juu ikaishia njiani. Maji yalianzia chini, na bado yanapanda.

Tuhesabu basi kwa kurudi nyuma, tukianza na kosa linalokera tu mpaka linaloua.

9. Rangi mpya juu ya ukuta mbichi

Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajashuka kwenye basi, inanunuliwa ndoo ya rangi. Februari rangi imejikunja, na anayelaumiwa ni mwenye duka.

Kabla ya kumlaumu, fanya hivi. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa salotepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumba, unyevu unatoka kwenye hewa mnayopumua. Yakitokea nyuma ya nailoni, maji yanapita ndani ya ukuta, na hakuna rangi iliyotengenezwa duniani itakayoyazuia. Hapo ni kutafuta yanakotoka, kubandua plasta iliyooza hadi juu ya alama ya unyevu, kuacha tofali likauke wakati wa kiangazi, ndipo upige plasta na rangi.

Ule mkanda wa rangi ya mafuta tunaoupaka chini ili kuficha matope nao una visa vyake. Unayafungia maji ndani, yanakosa pa kutokea, yanapanda juu ya mkanda na kutokea pale. Kama huna mpango wa kutibu ukuta, paka kijani. Ukungu ukija utakuta rangi yake.

8. Bati linalotokwa jasho

Saa kumi alfajiri, tone pajini. "Bati linavuja," anasema baba mwenye nyumba, na kesho yake yuko juu na lami anaziba kila msumari. Usiku unaofuata, tone lile lile, paja lile lile.

Mzee, halivuji. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chini yake mmelala watu sita, na kila mmoja anatoa kikombe cha maji au zaidi kwa pumzi na jasho mpaka kunakucha. Ongeza sufuria ya chai na sare za shule zilizoanikwa juu ya viti. Mvuke wote huo unapanda, unakutana na bati la baridi, unageuka matone. Lami haina la kufanya hapo.

Dawa ni dari, na hewa. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha fundi hakuyaweka kwa urembo, lakini ukipita nyumba kwa nyumba utayakuta yamezibwa kwa viroba na magunia kwa sababu ya baridi. Yafungue. Acha pia upenyo wenye wavu chini ya ukingo wa paa, ili nafasi iliyo juu ya dari ipumue bila kualika popo.

7. Mbao mbichi

Mkaratusi umekatwa Jumatatu, Jumatano uko juu kwenye kenchi. Ukikauka unapinda, misumari inalegea, bati linaachama na mvua inaingia bila hodi. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, zipake dawa ya mchwa, uwe na subira. Mti ukitaka kucheza, uchezee chini.

6. Pagale

Tunajenga kwa awamu, na hakuna aibu hapo; mshahara nao huja kwa awamu. Shida ni kuta zinazosimama wazi masika baada ya masika. Maji yanaingia kutoka juu, kwenye maungio, na kama tofali zimejengewa udongo badala ya saruji, kila mvua inaondoka na kipande chake. Mwaka wa kuezeka ukifika, unaezeka juu ya ukuta uliokwisha kunywa maji ya miaka mitatu, halafu unashangaa mbona plasta haishiki.

Ukisimamisha kazi, funika mstari wa juu kwa tabaka la saruji na mchanga, au bati kuukuu lililokandamizwa kwa mawe. Na mbuzi waondoe. Ni wapangaji wa kwanza wa kila pagale, hawalipi, na mkojo wao una chumvi itakayokutokea ukutani baadaye.

5. Tofali la ukingoni mwa tanuru

Tanuru la matofali ya kuchoma huiva vizuri katikati. Ya ukingoni hutoka na wekundu upande mmoja na udongo mtupu upande wa pili, na kwa kuwa ni rahisi, yananunuliwa. Hapo ndipo unasikia ushauri uliobomoa nyumba nyingi: "Haya tuyaweke chini kwenye msingi, mura, yatafukiwa, nani atayaona?"

Maji yatayaona. Chini kwenye unyevu ndiko hasa lisikotakiwa kwenda tofali bichi.

Kupima hakuhitaji maabara. Gonganisha mawili: lililoiva linalia kwa sauti kali, bichi linanguruma kama limeudhiwa. Kisha lilaze moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi likwaruze kwa kucha. Likitoa tope, lipeleke kwenye banda la kuku, na hata huko umwombe kuku radhi.

NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, kwa miaka mingi imehimiza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinagandamizwa kwa mashine ya mkono, hakuna kuchoma na kuni zinabaki porini. Ni matofali mazuri, mradi usiyaanike juani siku ile ile yalipotoka mashinani. Yanataka kufunikwa na kumwagiwa maji angalau wiki nzima ili saruji ishike. Fundi mwenye haraka anayauza siku ya tatu.

4. Maji ya paa yanaanguka yanakotaka

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita kumi kwa kumi, ikinyesha mvua moja ya milimita 30, linamwaga lita 3,000. Simtanki tatu za lita elfu moja, jioni moja, zote zikianguka kwenye mstari mwembamba kandokando ya msingi wako. Zinachimba, zinarusha matope ukutani mpaka usawa wa goti, halafu zinazama palepale.

Gata ndiyo jibu. Gata ikishindikana, ukingo wa bati utoke nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi, na chini yake uweke sakafu ya zege au mawe, upana wa mita moja hivi, iinamie nje. Wazee waliojenga msonge wa udongo walishusha nyasi mpaka mtu akainama kuingia. Ukuta wa udongo ulidumu kwa sababu mvua haikuugusa. Sisi tumeleta bati, tukafupisha ukingo ili kuokoa nusu mita, tukaita maendeleo.

Na wewe uliyenunua gata, bomba na tanki, hongera, lakini zunguka nyuma utazame bomba la kufurikia linamwaga wapi. Kama ni pembeni ya msingi, ndugu yangu, umetumia fedha nyingi kukusanya mvua yote ya paa na kuipeleka kona moja.

3. Ukuta wa nyuma ndani ya kilima

Huku tambarare ni adimu, kwa hiyo unachimba ubavu wa kilima, udongo unausukuma mbele, nyumba inakaa. Ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na kilima kizima, na maji yanayoteremka chini ya ardhi yanakutana nao kabla ya kukutana na mto. Chumba cha nyuma ndicho cha wageni. Sasa unajua kwa nini hawakai sana.

Acha nafasi ya kupita mtu, ikiwezekana mita mbili au tatu, kati ya ukuta na ule udongo uliokatwa. Kisha, juu zaidi kwenye mteremko, chimba mtaro wa kukinga unaozunguka kiwanja na kuyapeleka maji pembeni. Uteremke angalau sentimita kumi kwa kila mita kumi. Usipime kwa jicho. Kilimani jicho linadanganya. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze, nyoosha ncha zake mbili: maji yenyewe yatakuambia wapi ni chini. Ndani ya mtaro panga mawe, la sivyo masika ya pili utakuwa na korongo.

Halafu swali ambalo ramani ya fundi huwa haina: mtaro unaishia wapi? Ukiishia kwenye migomba ya jirani, hiyo si kazi ya fundi tena, ni kazi ya ritongo, baraza la Wakurya, na mbele ya wazee wake hoja ya kwamba maji hayana mwenyewe haijawahi kuwa hoja. Zungumzeni kabla hujachimba. Anaweza hata kuyataka, kwa migomba hiyo hiyo.

Shimo la maji ya bafuni nalo lisogezwe mbali na nyumba, upande wa chini wa mteremko. Na kama kiwanja chako kiko kwenye mbuga nyeusi, kama zilivyo sehemu nyingi za Serengeti, ujue udongo ule unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba inapasuka nao. Chimba mpaka uupite au upate ushauri wa mhandisi. Kuweka nondo nyingi bila hesabu ni kuupa mpasuko kitu cha kuzunguka.

2. Nailoni isiyowekwa

Hiki ndicho chanzo cha ramani ya Ziwa Victoria. Maji hupanda kwenye vitundu vidogo vya tofali na zege, yenyewe, bila pampu, na yanaweza kufika karibu mita moja juu ya ardhi. Kinachoyakata ni karatasi nzito ya nailoni inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta, upana wote wa ukuta, na kwenye maungio ipandiane sentimita 15. Iungane na nailoni iliyo chini ya sakafu. Iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Bei yake haikaribii ya geti.

Muulize fundi kwa nini hakuiweka. "Zege halipitishi maji, bosi." Zege linapitisha; linafanya tu taratibu, ili ukimpigia fundi simu awe yuko Musoma kwenye kazi nyingine.

Walioiweka nao hujiharibia. Mama anapanda maua, udongo unarundikwa ukutani mpaka unapita juu ya nailoni. Au plasta ya nje inashushwa mpaka ardhini, maji yanaizunguka nailoni kwa kupitia plasta. Chukua jembe ushushe udongo; katisha plasta juu kidogo ya ardhi. Ni kazi ya siku moja, na nyumba nyingi zinapona kwa hiyo tu. Kwa nyumba isiyo na nailoni kabisa, fundi mzoefu anaweza kukata ukuta kipande kwa kipande, kisichozidi mita moja, aingize nailoni, ajaze na kuacha pashike kabla ya kukata kipande cha pili. Akikuambia atakata upande mzima kwa mpigo, mlipe nauli.

1. Jiko la mkaa chumbani

Julai, baridi ya usiku. Dirisha la alumini limefungwa, chini ya mlango limewekwa gunia, matundu ya hewa yamezibwa. Linaingizwa jiko la mkaa, "kidogo tu, watoto wapate joto."

Makaa yanapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi. Aliyelala hapiti hata hatua hizo. Wengi huamini mkaa uliokwisha shika na kuacha kutoa moshi ni salama. Hapana, moshi si kipimo. Msonge wa nyasi ulivujisha hewa kila upande. Nyumba uliyoiziba vizuri haivujishi.

Joto litafutwe kwingine: dari, mkeka au zulia sakafuni, blanketi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko libaki jikoni, penye bomba la moshi. Na kwa anayeanza kuchora ramani, Juni na Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini, upande wa Kenya, na halihitaji kugongewa muhuri Sirari ili liingie kwako. Vyumba vya kulala na madirisha yake viwe upande huo. Stoo ipelekwe kusini, ambako ukuta hukauka kwa shida miezi hiyo.

Ukimkuta mtu amezidiwa kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize kituo cha afya hata kama amezinduka. Usimpe maziwa. Maziwa hayafiki kwenye damu kuondoa ile hewa, na mtu aliyelegea yanaweza kumpalia. Mnywe ninyi mlioshtuka.