Kwa Mheshimiwa Mhifadhi wa Sheria, Popote Alipo

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kutoandika anwani juu ya bahasha hii. Nilipouliza ni nani hasa, miongoni mwa wizara, idara, ofisi na halmashauri zote, aliyekabidhiwa amana ya kuziweka sheria za nchi mahali ambapo raia aweza kuzisoma kama zilivyo leo, nilielekezwa kwa adabu kubwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na mlango wa mwisho ukanielekeza kwa adabu ileile kwenye ule wa kwanza. Kwa hiyo barua naiacha wazi, ili kila mkubwa aisome, na kila mmoja apate fursa ya kusema kuwa hakuandikiwa yeye.

Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kimeniarifu kwamba kutoijua sheria si udhuru. Sina ugomvi na kifungu hicho. Ni kifupi, kinaeleweka, na kinapatikana mtandaoni bila taabu yoyote, sadfa ambayo nadhani haikosi hekima yake. Katika kutafuta kwangu nimetambua kanuni moja ambayo hakuna Bunge lililoipitisha, nayo ni kwamba kadiri sheria inavyoukaribia mfuko wa maskini ndivyo inavyokaa mbali na macho yake. Katiba ya mwaka 1977 utaipata kila pembe, hata kwa wasioihitaji. Lakini sheria ndogo ya halmashauri inayompangia mama lishe ada ya meza yake, au inayomtoza mvuvi kwa tenga la dagaa, hiyo ni siri ya watu wachache, na wachache hao ndio wenye kukusanya.

Chukua mfano mmoja, maana mifano mingi huwachosha wakubwa. Mwezi wa Juni mwaka 2017 ilitangazwa Bungeni, katika hotuba ya bajeti, kwamba ushuru wa mazao ushuke kutoka asilimia 5, na kwamba mazao yasiyozidi tani moja, yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine, yasitozwe kitu. Hotuba ilisomwa, makofi yakapigwa, magazeti yakaandika. Basi mkulima mwenye magunia yake sita ya mpunga, anayesimamishwa kizuizini usiku na kuambiwa alipe, anayo haki mkononi. Ila akiufungua mkono aione, hakuna kitu. Hotuba anaweza kuipata, lakini hotuba si sheria. Sheria ya Fedha ya mwaka ule haimwambii mwenye magunia sita apite. Inasema kwamba Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, irekebishwe katika kifungu fulani kwa kufuta maneno fulani na kuweka mengine badala yake. Na Sura ya 290 inayofunguka katika simu yake ni ile ya zamani, iliyozaliwa kabla ya marekebisho, tena imepigwa picha ikiwa imelala ubavu, na pembeni mwa ukurasa kimejitokeza kivuli cha kidole cha yule aliyeupiga. Akikimbilia tovuti ya halmashauri yenyewe, atakutana na picha ya viongozi wakipanda mti, na chini yake kichwa cha habari kinachosomeka “Sheria Ndogo”, na chini ya kichwa hicho maneno manne yasiyo na makosa ya herufi: “Hakuna taarifa kwa sasa.”

Lakini mashine ya POS ipo. Kizuizini palepale, porini, mahali ambapo hakuna zahanati wala taa, mkusanyaji ana mashine inayoshika mtandao, inayomjua mlipaji kwa jina, inayotema stakabadhi yenye namba, tarehe, saa na jina la halmashauri, na fedha ikaonekana makao makuu kabla mkulima hajarudisha pochi kiunoni. Serikali iliyoweza kuifikisha stakabadhi hadi pale haikushindwa kuufikisha ukurasa mmoja wa sheria ambayo stakabadhi hiyo imekatwa kwa jina lake. Haikutaka. Hakuna neno jingine, na kila afisa mwenye kunieleza habari za ufinyu wa bajeti ananifanya mtoto.

Nisamehe, Mheshimiwa. Nirudi katika mstari.

Najua utaniambia kwamba raia mwenye haja ya habari anayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo kwayo aweza kuandika maombi na kupewa jawabu ndani ya siku 30. Ni sheria njema. Nimemshauri muuza nyanya mmoja kwamba atakaposimamishwa njiani alaze gari pembeni, aandike maombi ya kuonyeshwa sheria ndogo inayomhusu, angoje muda wake wa kisheria, na siku jawabu litakapofika auendeleze mzigo wake sokoni. Aliniangalia kwa huruma.

Wala sitaki kuwa mtovu wa insafu. Mahakama imefungua mtandaoni hazina ya hukumu na sheria isiyotoza senti, na yeyote aliyewahi kutafuta jambo humo ana deni la shukrani. Jirani zetu wa Kenya nao wamezikusanya zao chini ya paa moja, bure kwa kila mtu. Nasi Aprili 2025 tukazinduliwa kule Dodoma toleo jipya la sheria zetu zote zilizorekebishwa, likaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka uleule. Nilifurahi kama wengine. Kisha nikalitazama jina lake: Toleo la Mwaka 2023. Sasa, Bunge halikulala baina ya jina na uzinduzi, wala halitalala baada yake. Kila Juni Sheria ya Fedha hupita katikati ya sheria nyingine na kung'oa neno hapa na kupanda neno pale. Na kama hakuna mkono unaoyashona marekebisho hayo siku yanapotoka, basi toleo hilo la fahari limeanza kuwa la kale tangu siku ya sherehe yake, na sisi tunarejea kule kule tulikokuwa na lile la 2002, ambalo wengi tulilitumia kama mtu anayemtazama jirani kwa picha ya ujana wake.

Tena sithubutu kusema kwamba serikali haijui kutangaza. Mwaka 2019, ilipoamuliwa kwamba kuanzia tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki iwe marufuku, hakukuwa na muuza karanga, wala bibi kizee, wala mgeni ashukaye uwanjani, aliyekosa kupata habari: redio zilisema, misikiti na makanisa yakasema, wenyeviti wa mitaa wakasema, na siku ilipofika mifuko ilikwisha sokoni. Sheria ikitakiwa ijulikane, hujulikana. Jambo hilo ndilo lililonitia moyo wa kuleta ombi langu kubwa.

Naomba turudishiwe mpiga mbiu.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na tovuti. Amri ya mtawala ilipotoka, mbiu ya mgambo ililia mitaani, na aliyeisikia alijua kwamba ina jambo, akaacha kazi yake akasikiliza. Sidai siwa, maana siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimetulia katika makumbusho ya Lamu, nazo zilikuwa za fahari ya wakubwa, si za habari ya ushuru wa dagaa. Pembe ya kawaida yatosha. Na kwa kuwa Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, mpiga mbiu naye aondoke Ijumaa baada ya sala, akiwa na msafara unaostahili kazi yake. Mbele aende yeye na pembe. Nyuma yake afuate mchukuzi wa sheria kama ilivyopitishwa kwanza. Kisha mchukuzi wa marekebisho. Kisha mchukuzi wa marekebisho ya marekebisho, ambaye sharti awe kijana mwenye mgongo imara. Kisha wachukuzi wa kanuni na matangazo, kila tangazo na namba yake, na mmoja wa akiba kwa majedwali. Nyuma kabisa, juu ya punda, apandishwe mzee mwenye hifadhi njema, kazi yake kukariri sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa sababu hizo nazo, kwa mujibu wa Sura ya 358, ni sehemu ya sheria yetu kadiri hali ya nchi inavyoruhusu, na raia wa Nachingwea hana udhuru wa kutozijua.

Msafara ukifika sokoni, pembe ilie, na mpiga mbiu asome kwa sauti bila kuongeza wala kupunguza: “Enyi watu wa soko hili! Kifungu kidogo cha pili kinarekebishwa kwa kufuta neno ‘na’ popote linapoonekana, na kuweka badala yake neno ‘au’!” Watu wataulizana ni “na” ipi. Muuza samaki atashikilia kisu hewani. Hapo ndipo mchukuzi wa kwanza atakapotua mzigo na kuutafuta ukurasa, na ikiwa ukurasa ule umepotea, kama ilivyo ada, awepo mtoto mwenye sauti nyembamba wa kupaza: “Ukurasa haupatikani!” ili hata wazee wetu wasiotumia kompyuta waionje ladha ya utafiti wa kisasa. Kwa hati zilizopigwa picha ubavu, mpiga mbiu alale ubavu. Kwa zile ambazo mhuri umefunika tarakimu ya faini, akohoe. Asome kwa Kiingereza kwanza, maana ijapokuwa mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili, zipo sheria ambazo zingali zinangoja zamu yao ya kufasiriwa. Kisha amgeukie mwenye duka la vifaa vya shule amwombe amfasirie.

Akitoka sokoni aende wilaya ya pili, na hapo, naona mbele, msafara utasimamishwa kizuizini. Sheria ni mazao ya Bunge. Na mazao yanayovuka mpaka wa halmashauri hutozwa ushuru, isipokuwa yasiyozidi tani moja. Basi ziwekwe mzanini, sheria na marekebisho yake, kanuni na matangazo, na mzee na punda wake. Nina yakini zitazidi tani moja. Mkusanyaji atatoa mashine yake, mpiga mbiu ataomba aonyeshwe sheria ndogo, mkusanyaji atamjibu kwamba ipo kwenye Gazeti, na wachukuzi wote watageuka kutazama mizigo iliyo vichwani mwao. Wakeshe hapo. Ningependa sana wakeshe hapo usiku mmoja tu, kwenye baridi, pamoja na wale wanaokesha kila siku.

Kama ombi hili ni zito, ninayo mengine mepesi. Yule anayepiga picha hati za serikali afundishwe upande upi ni juu. Kisanduku cha kutafutia kiache kunijibu kwa hotuba ya uzinduzi wa kisanduku. Mfanyabiashara avukaye Namanga, ambaye yumo chini ya sheria za Dodoma na za Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha pia, aambiwe zinapopingana afuate ipi, kabla hajafika mpakani badala ya baada yake. Msafiri wa boti kwenda Unguja, ambaye katikati ya bahari hubadilishiwa fungu kubwa la sheria pasipo kuhisi, apewe japo karatasi pamoja na mfuko wa kutapikia. Na kila sheria ndogo ambayo halmashauri imeshindwa kuionyesha kwa yule inayemtoza, isimtoze. Hili la mwisho nimelitupa katikati ya mengine ili lisikutie hofu. Lakini ukiwa na nafasi ya kulitimiza moja tu, mtupe mpiga mbiu na punda wake, utimize hilo.

Wadachi walituandikia sheria kwa lugha yao, na Waingereza kwa yao. Zanzibar ilikuwa na gazeti lake la serikali tangu 1892, na babu zetu walifungwa kwa maneno yaliyochapwa humo bila kuyasoma. Wale hawakujifanya. Hawakusema kwamba sheria ni zetu. Sisi tunaambiwa kila uchaguzi kwamba ni zetu, zimetungwa na wawakilishi wetu, kwa posho zetu, katika jumba letu. Na mwenye mali akija kuiulizia mali yake hugeuziwa kiti na kuulizwa anaitakia nini. Nimeulizwa hivyo. Dirishani, na kijana aliyekuwa na hati yenyewe mbele yake juu ya meza, ameifunika kwa kikombe cha chai, akiniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni wakili.

Si wakili, Mheshimiwa. Ni mtu wa kawaida, mwenye kupenda kujua amekosa nini kabla ya kulipa.

Jawabu lako nitalingoja kwa subira niliyokwisha kuzoezwa. Ukiona vema kunijibu kwa posta, nitafurahi. Ukiona vema kunijibu kwa Tangazo la Serikali, usijisumbue kuniarifu namba yake wala tarehe yake, maana kwa mujibu wa utaratibu litahesabiwa kuwa limenifikia.

Wasalaam,

Raia wako